Miale Juu ya Modogashe

Hinda Abshir alipofika Garissa Jumamosi ile ya Agosti, habari zake zilikuwa zimemtangulia. Korane, mwenye duka la kona mtaani Iftin, alimwona akishuka kwenye tuktuk na begi lake la mgongoni, akaacha kupima sukari na kumwita kwa sauti.

"Hinda! Ni kweli umeona kitu ambacho dunia nzima imekitafuta ikakikosa?"

"Bado, Korane. Tunahakikisha."

"Baba yako hasemi mnahakikisha. Baba yako anasema umekiona."

Hinda akacheka, akaingia ndani kumsalimu mama yake.

Baba yake, Mzee Abshir, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Siku hizi magoti yalimsumbua, na kazi nyingi alikuwa amewaachia wanawe, lakini Jumatano, siku ya soko, hakuna aliyeweza kumzuia nyumbani. Ni huko sokoni, kati ya mbuzi na madalali, alikowaambia watu kwamba binti yake anayesomea shahada ya uzamifu Nairobi, katika fizikia ya nyota, amegundua chembe mpya. Waliomsikiliza hawakujua chembe hiyo ni nini, na yeye mwenyewe hakujua, ila furaha yake waliielewa.

Alasiri ileile, wakiwa wameketi kwenye mkeka uani, alimtaka amweleze vizuri.

"Watu wananiuliza nami nazungukazunguka tu," alisema. "Nipe maneno ya kuwaambia."

Walikuwa wakizungumza Kisomali, na Hinda hakuwahi kulieleza jambo hilo kwa lugha ya nyumbani. Ilimbidi ayatafute maneno moja moja.

"Aabo, galaksi ni makundi makubwa ya nyota. Ukizipima, uzito wake unazidi mbali vitu vyote vinavyoonekana humo. Kuna kitu kingine. Kinavuta kwa uzito wake, lakini hakiwaki, wala hakizuii mwanga. Watu wamekisia mengi kuhusu kitu hicho. Kisio mojawapo ni chembe inayoitwa aksioni. Hakuna aliyewahi kuiona. Iko kwenye hesabu tu."

"Kwenye hesabu tu."

"Kwa sasa."

"Sasa wewe umeionaje?"

"Hapa duniani ni vigumu kuitengeneza. Lakini nyota kubwa ikifa, moyo wake hubonyea kwa ghafla, ukapata joto lisilo mfano. Kama aksioni zipo, huko huzaliwa kwa wingi. Na kwa kuwa hazishikani na chochote, hutoka palepale, wakati mwanga wa mlipuko wenyewe bado unahangaika kupenya matumbo ya nyota. Kwa hiyo aksioni hutangulia. Zikifika kwenye galaksi yetu, nguvu za sumaku zilizoko huku huzigeuza chache kuwa miale ya gama, mwanga wenye nguvu usioonekana kwa macho, na hiyo setilaiti inaweza kuinasa. Sisi tukisikia nyota imelipuka, tunarudi kwenye kumbukumbu za setilaiti, saa chache kabla ya mwanga kuonekana, tuangalie kama kuna miale iliyotangulia."

"Na ilikuwapo."

"Kulikuwa na rundo dogo. Nyota ililipuka katika galaksi jirani, Novemba ile ya mafuriko. Saa yenyewe moyo wake ulipobonyea hatuijui, tunajua tu ni ndani ya siku moja. Katika siku hiyo kuna kipande kimoja cha sekunde kumi chenye miale mingi kuliko kawaida. Na moyo wa nyota hufa kwa sekunde kama kumi hivi."

Mzee Abshir alikunywa chai yake taratibu, akaweka kikombe chini.

"Basi umeiona," akasema.

"Amesema rundo dogo, Abshir," Maryan, mkewe, akasema kutoka mlangoni mwa jikoni. "Msikilize mtoto."

Msimamizi wa Hinda chuoni aliitwa Daktari Gichuki, mtu wa Nyeri, mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani yake kila anapofikiri. Alikuwa akizitafuta aksioni tangu Hinda akiwa shule ya msingi. Makala zake zote zilimalizikia mahali pamoja: tumetazama, hatukuona kitu. Mwaka uliofuata angestaafu. Rundo lile lilipotokea kwenye kompyuta ya Hinda mwezi wa Mei, Gichuki alilitazama kwa muda mrefu, kisha akatoka nje kutembea. Tangu hapo walikuwa wameandika makala, wakaisahihisha mara nyingi, na sasa ilibaki siku chache tu waitume kwenye jarida.

Kitu kimoja kilikuwa hakijakamilika. Setilaiti waliyoitumia ilikuwa ndogo, mali ya vyuo vikuu kadhaa, na ili isilemewe na kazi ya kutuma habari chini, ilijumlisha miale yote iliyoinasa kwa vipande vya sekunde kumi kumi. Saa kamili ya kila mwale ilihifadhiwa ndani ya chombo na kutumwa kwa maombi tu. Hinda na Gichuki walikuwa wameomba kitambo. Jumatatu asubuhi, Hinda akiwa sebuleni nyumbani kwao, jibu lilifika.

Stima ilikuwa imepotea na feni imesimama. Alifungua madirisha, akaiweka kompyuta juu ya stuli, akaanza kuipanga miale ile upya, safari hii kwa vipande vidogo sana. Alitarajia kuiona imetawanyika katika sekunde zile kumi, mingi mwanzoni, kisha ikipungua kidogo kidogo kama kaa linalopoa. Hivyo ndivyo hesabu za nyota zinavyosema.

Haikutawanyika. Mchoro ulikuwa mstari mtulivu, kisha uzi mmoja uliosimama wima, kisha mstari mtulivu tena. Miale yote ya ziada ilifika pamoja, ndani ya muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Aliurudia mchoro. Akaikagua saa ya chombo. Akaurudia tena. Uzi ulikuwa palepale.

Hinda aliujua uzi wa namna hiyo, kama anavyoujua kila mtu wa fani yake. Hakuna nyota inayokufa kwa haraka kiasi hicho. Ni radi. Mawingu makubwa ya nchi za joto, yakishajaa umeme, mara nyingine hurusha mmweko wa miale ya gama kwenda juu, angani, na setilaiti inayopita hapo huunasa hata kama ilitumwa kutazama mambo ya mbali zaidi.

Alikaa akiutazama. Nje, jirani alikuwa akinyunyiza maji ya mtungi kwenye vumbi ili litulie. Lilimjia wazo ambalo hakulipenda: saa hizi kamili zimetumwa kwake peke yake, na makala yangeweza kwenda bila kuzitaja. Aliliacha lipite. Kisha, kwa sababu ndiyo hatua inayofuata, akatafuta setilaiti ilikuwa wapi wakati ule.

Namba mbili zilitokea, moja ya latitudo na nyingine ya longitudo. Kwa miezi yote ile zilikuwa zimekaa kwenye safu zao na hakuwahi kuzijali, kwani anayetazama nyota ana haja gani na ardhi iliyo chini ya chombo? Aliziweka kwenye ramani. Doa likaangukia Kenya. Akaikuza ramani. Doa lilikuwa kati ya Garissa na Isiolo, karibu na njia panda ya Modogashe.

Tarehe aliijua kwa moyo: Jumanne moja ya Novemba ile ya mafuriko. Saa ilikuwa saa kumi kasoro, alasiri.

Hinda aliinuka akaenda jikoni. Mama yake alikuwa akikoroga unga wa anjera kwenye beseni.

"Hooyo, Warfa alifariki siku gani?"

Mkono wa Maryan ukasimama ndani ya unga. "Kwa nini unauliza?"

"Niambie tu."

"Ilikuwa Jumanne. Wiki ileile barabara ya Madogo ilipokatwa na maji, ndiyo maana hukuweza kuja. Alifuata mbuzi kabla ya sala ya alasiri, radi ikampiga uwandani. Mungu amrehemu. Mbona uso wako umekuwa hivyo?"

Warfa alikuwa mume wa Anab, na Anab ni binti wa dada yake Maryan. Alikuwa ameletwa Garissa kusoma shule ya msingi, akalala chumba kimoja na Hinda kwa miaka yote hiyo, wakagombania blanketi moja na kioo kimoja. Alipoolewa alihamia Modogashe. Habari za msiba zilimfikia Hinda kwa simu, Nairobi, siku ambayo magari yote yalikuwa yamekwama ng'ambo ya maji. Alilia, akampigia Anab, wakalia pamoja. Siku chache baadaye habari zikafika kwamba nyota imelipuka katika galaksi ile jirani, na kazi zikaanza.

Siku ya msiba na siku ya rundo lile zilikuwa siku moja, naye hakuwahi kuzifikiria pamoja.

* * *

"Umehakikisha saa ya chombo iko sawa?" Daktari Gichuki aliuliza kwenye simu.

"Mara mbili, daktari. Nimekutumia mchoro."

"Naufungua."

Hinda alisikia magari ya Nairobi yakipita upande wa pili wa simu. Alijua kwamba daktari anafuta miwani.

"Ndiyo," Gichuki akasema hatimaye. "Ni radi."

"Pole, daktari."

"Unaniambia pole ya nini? Wewe ndiye uliyetuokoa." Akashusha sauti. "Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu. Sijawahi kumwambia kuhusu makala yoyote mpaka itoke, lakini hii nilimwambia."

"Mimi baba yangu ameliambia soko zima la mifugo."

Gichuki akaanza kucheka, Hinda naye akacheka, na kicheko hicho kiliwasaidia wote wawili. Kilipokwisha, Gichuki alizungumza kwa sauti yake ya kawaida ya kazini. Wangeandika upya. Rundo lilikuwa radi. Likiondolewa, hakuna kitu. Na kwa kuwa hakuna kitu, basi aksioni, kama zipo, hugeuka kuwa mwanga kwa nadra zaidi kuliko baadhi ya watu walivyokisia. Hiyo nayo ni habari. Ingekuwa makala fupi.

"Kuna jambo jingine," Hinda akasema. Akamweleza kuhusu Modogashe na Warfa.

"Setilaiti hunasa radi hata iliyo mamia ya kilomita kutoka chini yake," Gichuki alisema kwa upole. "Huenda wingu lilikuwa upande wa Wajir, au Isiolo. Usijibebeshe jambo ambalo hujalijua."

"Kuna njia ya kujua?"

"Kuna vituo vinavyosikiliza radi kwa mawimbi ya redio, dunia nzima. Ninamfahamu mtu huko. Nitamuuliza."

Jibu lilikuja Jumanne alasiri. Wakati uleule, kwenye sehemu ileile ya sekunde, vituo hivyo vilikuwa vimesikia radi kubwa kaskazini kidogo ya Modogashe. Kwa eneo zima lile, saa ile, wingu lenye nguvu lilikuwa hilo moja tu.

* * *

Jumatano asubuhi Mzee Abshir alikuwa ameshavaa kofia yake na kuishika bakora, akisubiri kupelekwa sokoni, Hinda alipoketi karibu naye.

"Aabo, kabla hujaenda. Kile kitu hatukukiona."

Alimweleza yote, bila kupunguza. Baba yake alimsikiliza akitazama ncha ya bakora.

"Kwa hiyo hakuna kitu," akasema.

"Hakuna tulichokiona. Kama kipo, bado kimejificha."

"Na mimi nimewaambia watu."

"Najua. Ungeweza kukaa nyumbani leo."

Mzee akamtazama kama aliyetukanwa. "Nikae nyumbani kwa nini? Nimeiba?" Akainuka kwa taabu, akatoka.

Alirudi adhuhuri, amechoka, vumbi limejaa kwenye viatu. Hinda alimletea maji ya kunawa na hakumuuliza. Mzee alianza mwenyewe.

"Nimewaambia ilikuwa radi."

"Wakasemaje?"

"Walicheka kidogo. Mmoja akasema, hata sisi tunaiona radi na hatujasoma Nairobi." Alijifuta uso kwa taulo. "Kisha mtu mwingine akaniuliza, radi hiyo ilipiga wapi? Nikamwambia Modogashe, na siku nikamtajia. Wakaacha kucheka. Wote walimjua Warfa. Alikuwa akileta mbuzi wake pale."

Mzee akalikunja taulo.

"Umewahi kwenda kumpa Anab pole?" baba akauliza.

"Kwa simu."

"Kesho twende. Gari utaendesha wewe."

* * *

Walitoka alfajiri kwa pikapu ya zamani ya nyumbani, Hinda kwenye usukani na baba yake pembeni, kitambaa kikiwa mdomoni kuzuia vumbi. Nchi ilikuwa kavu, migunga imesimama mmoja mmoja, na hapa na pale ngamia walinyoosha shingo kula majani ya juu. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba maji yaliwahi kufunika uwanda huu. Mzee Abshir alimwonyesha mahali ambapo lori la rafiki yake lilizama Novemba ile hadi kwenye vioo.

Anab alikuwa na kibanda cha chai kwenye njia panda, mahali ambapo malori ya Wajir na ya Isiolo husimama. Alipoiona pikapu aliweka birika chini, akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa amekonda. Alimsalimu mzee kwanza, kwa heshima, akimwita adeer, yaani ami, kisha akamkumbatia Hinda na kumshikilia.

"Umekuja, abaayo," akasema, akimwita dada kwa Kisomali.

"Nimechelewa."

"Barabara ilikuwa imekatika. Tulijua."

"Barabara ilitengenezwa, Anab."

"Ndiyo," Anab akasema. "Ilitengenezwa." Akawamiminia chai.

Mzee Abshir aliinywa haraka, akasema anaenda kuwasalimu watu msikitini, akawaacha peke yao. Watoto wawili wa Anab walikuwa duksi, kwenye masomo ya Kurani. Hakukuwa na wateja isipokuwa dereva mmoja aliyelala chini ya lori lake.

Hinda alikuwa amefikiria njia nzima angeanzaje, na sasa hakukumbuka hata sentensi moja. Akaanza tu. Alisema kwamba kazi yake ni kutafuta chembe isiyoonekana, kwamba aliitafuta kwenye miale ya nyota iliyokufa, na kwamba kwa miezi kadhaa alidhani ameiona, akafurahi sana. Na kwamba wiki hii amejua alichokiona ni nini.

"Ilikuwa radi, abaayo. Iliyopiga hapa. Jumanne ile, saa kumi kasoro. Nimeona nisikae nalo bila kukuambia."

Anab alimtazama bila kupepesa. "Iliyompiga Warfa?"

"Sijui. Mwale nilioupata ulitoka juu ya wingu ukapanda angani. Radi iliyompiga Warfa ilishuka. Siwezi kukuambia ni moja. Ninachokijua ni wingu. Ni wingu lilelile."

"Una picha?"

Hinda hakutegemea swali hilo. Alitoa simu, akautafuta mchoro. Anab aliishika kwa mikono miwili. Aliuangalia mstari mtulivu, na uzi ule mmoja, na mstari unaoendelea.

"Ni hiki tu?"

"Ni hicho tu."

"Na ulifurahi ulipokiona."

"Nilifurahi sana," Hinda akasema. "Nisamehe."

"Hukujua." Anab alimrudishia simu. Akakaa akisugua ukingo wa meza kwa kidole, mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa chini sana.

"Nilimpigia simu."

"Lini?"

"Wakati ule. Niliona mawingu yameshuka, nikampigia nimwambie awaache mbuzi arudi. Tulikuwa tunazungumza, kukatokea mlio, simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao. Walipomleta, simu ilikuwa imeungua mkononi mwake." Alivuta pumzi. "Matangani mama mmoja akasema, simu huvuta radi, vijana hawaambiliki. Hakujua ni nani aliyepiga. Sikumwambia mtu yeyote, Hinda. Hata mama yako."

"Anab. Simu haivuti radi."

"Kila mtu anajua inavuta."

"Kila mtu anasema. Si kweli." Hinda alisogeza kiti karibu. "Radi hutafuta kitu kirefu kilichosimama mahali pa wazi. Mti, mnara, mtu kwenye uwanda. Zamani simu za waya ndani ya nyumba zilikuwa na hatari, kwa sababu radi ilipita kwenye waya. Hii haina waya. Haivuti radi zaidi ya saa ya mkononi, au sarafu mfukoni. Warfa alikuwa wapi?"

"Pale uwandani, nyuma ya kisima. Kuna mgunga mmoja. Alikuwa karibu nao."

"Basi ni mgunga, na uwanda, na wingu. Hata angekuwa ameshika fimbo ya mbuzi tu, ingekuwa hivyohivyo."

"Una hakika?"

Wiki nzima Hinda alikuwa akisema bado, labda, huenda, sijui. Alilipima swali hilo kwa uangalifu aliozoea kuyapima mengine yote.

"Kwa hili nina hakika," akasema.

Anab hakulia. Alikuwa akifikiri, na paji lake la uso lilikunjamana kama zamani alipokuwa akifanya hesabu za shule.

"Na kama alisimama ili anisikie? Kama nisingempigia, si angekuwa ameshafika mbali na ule mti?"

Hakukuwa na chombo cha kulijibu hilo. "Alikuwa amesimama?" Hinda akauliza.

"Sijui."

"Ulisikia nini kwenye simu?"

Anab akafumba macho. Lori la mafuta lilipita taratibu, likaacha vumbi ambalo lilikaa hewani kwa muda. Alipoyafumbua, alikuwa amelishika shavu lake.

"Maji," alisema. "Nilisikia maji. Chap, chap, chap. Alikuwa akitembea kwenye maji. Na alikuwa anahema, kwa sababu aliniambia, ninakuja, ninakuja, acha kelele." Akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. "Alikuwa anatembea, Hinda. Wakati wote alikuwa anakuja."

"Basi hukumsimamisha."

"Sikumsimamisha."

Hapo ndipo alipolia, akiinamia meza, na Hinda akamshika mgongo mpaka alipotulia. Dereva chini ya lori aliamka, akaona, akajifanya anaangalia tairi. Baadaye akakohoa kidogo, akauliza kama kuna chai. Anab alijifuta kwa ncha ya kanga, akaliinua birika, akammiminia mpaka juu.

"Mama yake Warfa yuko nyumbani," alimwambia Hinda alipokuwa akimpa dereva kikombe. "Twende umsalimu. Na hayo ya simu, umwambie wewe. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

* * *

Walianza safari ya kurudi baada ya adhuhuri. Mzee Abshir alikuwa amepewa chupa ya maziwa ya ngamia, akaipakata kama mtoto. Hakuuliza yaliyosemwa. Walipokuwa wameiacha Modogashe nyuma kwa mwendo mrefu, akauliza jambo jingine.

"Hizo aksioni zenu. Mtaendelea kuzitafuta?"

"Tutaendelea."

"Na kama hazipo?"

"Tutakuwa tumejua hazipo, na wengine watatafuta mahali pengine. Uzito upo, Aabo. Uzito hauna shaka. Kitu ndicho hatukijui."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Mimi ningechoka," akasema.

"Hata sisi tunachoka."

Barabara ilipanda kidogo, na simu ya Hinda ikaanza kulia mfululizo, ujumbe baada ya ujumbe, kwa kuwa hapo ndipo mtandao ulipopatikana. Alisimamisha gari pembeni. Wa mwisho ulikuwa wa Daktari Gichuki. Nyota nyingine kubwa ilikuwa imeripotiwa kulipuka asubuhi ile, katika galaksi iliyo karibu kuliko ile ya kwanza. Safari hii waombe saa kamili za miale tangu leo, aliandika, na waanze kwa kuondoa radi zote.

"Ni nini?" baba yake akauliza.

"Nyota imekufa. Nataka kutuma maombi kabla mtandao haujapotea."

"Tuma."

Alizima injini. Kundi la mbuzi lilikuwa likivuka barabara bila haraka, kengele moja ikilia shingoni mwa yule wa mbele. Mzee Abshir alifungua mlango ili hewa ipite, akanyoosha mguu wake mbovu nje, na akangoja huku binti yake akiandika.